Barua Pepe Inapouliza Nywila Kila Dakika: Pa Kuanzia Kabla Hujaita Fundi

Ingia saiba yoyote ya Kisumu Ndogo asubuhi ya Jumatatu, huenda ukamkuta mtu amekaa mbele ya kompyuta, kidirisha kidogo kimemtokea katikati ya skrini kikimtaka aandike nywila. Anaandika. Kidirisha kinaondoka kwa sekunde mbili, kisha hicho hapo tena. Anaandika mara ya pili, ya tatu, ya nne. "Mama, hebu andika pole pole," kijana wa saiba anamwambia. "Nimeandika mwanangu, ni ile ile ya siku zote."

Na mara nyingi ni kweli, ni ile ile ya siku zote. Nywila haina kosa lolote, lakini kompyuta inaikataa.

Kuna wanaoona hili ni jambo dogo, kwamba mtu asome barua zake kwenye simu na mambo yaishe. Lakini tazama ni nani wanaotumia barua pepe kwenye kompyuta mtaani kwetu. Ni katibu wa kikundi cha akina mama anayesubiri jibu la wafadhili, na jibu lina tarehe ya mwisho. Ni msimamizi wa nyumba ya wageni anayepokea maombi ya vyumba kutoka ng'ambo. Ni ofisi ndogo ya shirika la kijamii yenye kompyuta moja na barua za miaka kumi ndani yake. Tena siku hizi anwani ya barua pepe ndiyo inayofungulia eCitizen, iTax, mkopo wa HELB na mambo mengine chungu nzima. Ukifungiwa nje ya barua pepe, umefungiwa nje ya milango mingine mitano usiyoiona.

Kwa hiyo ndugu msomaji, tulia tulichambue. Nitataja vitufe kwa majina yanavyosomeka kwenye skrini, maana kompyuta nyingi huku kwetu zimewekwa kwa Kiingereza.

Kwanza tuelewe kidirisha kile kinasema nini. Programu ya barua pepe, iwe Outlook, Thunderbird au nyingine, ni kama tarishi. Kila baada ya dakika chache anakwenda posta kukuchukulia barua, na amebeba ufunguo uliompa siku ya kwanza. Akifika akakataliwa, anarudi kwako na sentensi moja tu anayoijua: nipe ufunguo. Hana uwezo wa kukueleza kwamba kitasa kimebadilishwa, au barabara imefungwa, au mlinzi wa posta amechoka kumwona. Sababu zote hizo, kwake, zinatoka kwa swali moja. Ndiyo maana kuandika nywila mara ishirini hakusaidii, na kama tutakavyoona mbele, kunaweza kuharibu zaidi.

Kanuni yangu ni hii: ukiandika mara mbili kwa uangalifu na ikakataa, acha. Bonyeza "Cancel", fungua kivinjari, yaani Chrome au Firefox, uingie kwenye barua pepe yako moja kwa moja kupitia tovuti ya mtoa huduma. Ukiingia salama, nywila yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye programu. Ukikataliwa na huko pia, ugonjwa uko kwenye nywila au kwenye akaunti yenyewe, na hakuna haja ya kuigusa programu kabisa. Jaribio hili linachukua dakika moja na linaokoa siku nzima. Nashangaa ni mafundi wangapi huliruka na kukimbilia kufuta programu.

Tuanze na hali ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyowakumba wengi: kwenye kivinjari unaingia, kwenye programu hapana.

Sababu kubwa ni kwamba posta zimebadilisha vitasa. Kwa miaka mingi, programu ya barua pepe ilikuwa inahifadhi nywila yako na kuipeleka kwenye seva kila inapokwenda kuchukua barua. Ulikuwa mtindo rahisi lakini wa hatari, kwani yeyote aliyeipata nywila hiyo, kutoka kwa kompyuta iliyoibwa au programu mbovu, alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba nzima. Watoa huduma wakaamua kuufunga mlango huo. Yahoo walifanya hivyo mwaka 2020. Google wakafuata: tangu 30 Mei 2022, akaunti za kawaida za Gmail hazikubali tena programu inayoleta jina na nywila ya kawaida peke yake. Microsoft walianza kuufunga kwa akaunti za maofisini na vyuoni tarehe 1 Oktoba 2022, halafu 16 Septemba 2024 wakaufunga kwa akaunti za watu binafsi, zile za Hotmail, Live na Outlook.com.

Badala yake pakaja utaratibu unaoitwa OAuth2. Jina lisikutishe. Maana yake ni kwamba tarishi habebi tena ufunguo wako. Mara ya kwanza, programu inakufungulia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe, unaandika nywila hapo mbele ya mwenye posta, unathibitisha kwa simu ukitakiwa, kisha mwenye posta anampa tarishi kitambulisho chake maalum. Kuanzia siku hiyo anatumia kitambulisho hicho. Kikipotea, unakifuta kimoja hicho bila kubadilisha nywila. Kwa maoni yangu ni mpango mzuri kuliko wa zamani. Lawama yangu ni kwamba walioweka akaunti zao mwaka 2015 wakaziacha zikijiendesha hawakuelezwa kwa lugha wanayoielewa. Walichoona ni kidirisha tu.

Ukiwa na Thunderbird na akaunti ya Gmail, dawa ni hii. Bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Settings", kisha "Server Settings". Utaona mstari ulioandikwa "Authentication Method". Kama umewekwa "Normal password", ndipo palipo na tatizo. Badilisha uwe "OAuth2". Hapo wengi husimama wakidhani wamemaliza, kumbe wametengeneza mlango wa kuingilia barua na kuusahau wa kutokea. Teremka chini kabisa ya orodha ya upande wa kushoto mpaka "Outgoing Server (SMTP)", chagua ya Gmail, bonyeza "Edit", na huko nako weka "OAuth2". Usipofanya hivyo barua zitaingia vizuri, lakini siku utakapotaka kujibu, kidirisha kile kile kitarudi.

Kisha uifute nywila ya zamani iliyohifadhiwa, la sivyo programu inaweza kuendelea kuing'ang'ania. Nenda kwenye "Settings" ya programu nzima, fungua "Privacy & Security", bonyeza "Saved Passwords", uondoe mistari ya akaunti ile. Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, hakikisha programu imeruhusiwa kupokea vidakuzi, maana bila vidakuzi ukurasa wa Google hautakamilika na utazunguka hapo hapo. Funga Thunderbird, ifungue upya. Dirisha la Google litatokea mara moja, uingie, ukubali, basi.

Kompyuta yako ni ya zamani, bado ina Windows 7? Thunderbird toleo la 115 ndilo la mwisho linalokubali Windows hiyo, na OAuth2 inalo. Si salama kubaki kwenye Windows ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, lakini naelewa kwamba si kila kikundi kina pesa za kompyuta mpya mwezi huu.

Outlook ina vituko vyake. Matoleo ya zamani kama Outlook 2010 hayaujui mlango mpya hata kidogo, na hakuna kitufe utakachobonyeza yakaujua. Mwenye Outlook ya namna hiyo na akaunti ya Hotmail ana njia mbili: apate toleo jipya, au ahamie Thunderbird ambayo ni ya bure na inaingia Hotmail bila shida. Sioni sababu ya kulipa hela kwa ajili ya kusoma barua, ila ofisi zingine zimezoea kalenda ya Outlook na sitagombana nazo.

Kama Outlook yako ni mpya na bado inauliza, mara nyingi ni Windows yenyewe iliyokariri nywila iliyopitwa na wakati. Funga Outlook. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika "Credential Manager", fungua, bonyeza "Windows Credentials", utaona orodha ya vitambulisho vilivyohifadhiwa. Ondoa vile vyenye neno MicrosoftOffice16 au jina la akaunti yako ya barua. Havina thamani yoyote, vitatengenezwa upya. Fungua Outlook, andika nywila mara moja, na ukiona kisanduku cha kuikumbuka, kitie alama. Kwa akaunti za ofisi zilizo kwenye Exchange, angalia pia mipangilio ya usalama ya akaunti: kuna alama ya "Always prompt for logon credentials". Mtu akiiweka, kwa kujua au kwa kuteleza kidole, Outlook itauliza kila unapoifungua, maisha yako yote.

Ipo njia ya tatu kwa wenye programu zisizojua OAuth2 lakini wana Gmail au Yahoo, nayo ni nywila ya programu. Kwa Google ni herufi 16 unazotengenezewa, ambazo unazibandika kwenye programu mahali pa nywila yako ya kawaida. Huipati mpaka uwe umewasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Ukishauwasha, ingia kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Google, utafute "App passwords", uipe jina kama "kompyuta ya ofisi", na herufi zitatokea mara moja tu. Hazitaonyeshwa tena. Jambo ambalo watu hawaambiwi: siku utakapobadilisha nywila kuu ya Google, nywila zote za programu hufutwa pamoja nayo. Ndiyo maana mtu hubadilisha nywila Ijumaa, na Jumatatu kompyuta ya ofisi inaanza kuuliza, naye haunganishi mambo hayo mawili.

Sasa twende kwa wenye anwani za jina lao wenyewe, zile zinazoishia kwa .co.ke au .or.ke. Nyumba za wageni na mashirika mengi ya hapa Malindi hupenda hizi, nami nawaunga mkono kwa sababu zinaonekana za heshima. Barua zao hukaa kwenye seva ya kampuni ya kukodisha nafasi, na huko nywila ya kawaida bado hutumika. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Jina la mtumiaji liwe anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata, si jina la mbele peke yake. Pili, kampuni ikihamisha seva, jina la seva kwenye programu yako linaweza kuwa limepitwa na wakati. Tatu, ada ya mwaka ya jina la tovuti isipolipwa, jina hufungwa na barua husimama, wala hakuna nywila itakayosaidia.

Lakini kwa anwani hizi kuna jambo lingine linalosumbua kuliko yote matatu, na ndilo lililonifanya niseme mapema uache baada ya mara mbili. Seva nyingi za aina hii zina mlinzi anayehesabu. Akiona anwani moja ya intaneti imekosea nywila mara kadhaa mfululizo, anadhani ni mwizi anayebahatisha, anaifungia. Kumbuka kwamba saiba nzima, au ofisi nzima yenye ruta moja, huonekana kwa seva kama anwani moja. Kwa hiyo simu ya mfanyakazi mmoja ikibaki na nywila ya zamani, inabisha mlango kila dakika tano usiku kucha, mlinzi anakasirika, na asubuhi kompyuta zote za ofisi zinakataliwa pamoja na zile zenye nywila sahihi. Watu wanaanza kuandika tena na tena, na kila kosa linaongeza muda wa kufungiwa.

Kulijua hili ni rahisi. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha kompyuta kwa bando la simu badala ya ruta, ujaribu. Ikiingia mara moja, ujue nywila ni sawa na ruta yako ndiyo iliyofungiwa. Zima programu zote, saka simu au kompyuta yenye nywila ya zamani uirekebishe, kisha subiri au uwapigie kampuni wakufungulie. Na siku yoyote ukibadilisha nywila, uibadilishe kwenye vifaa vyote siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine hata hakuna kosa la nywila wala la kitasa. Mtandao umeyumba tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Kenya na majirani ililegea. Katika hali kama hiyo, au hata mtandao wa mtaani unapokwama kwa dakika kadhaa, Outlook inaweza kuandika pale chini "Need Password" kwa sababu tu haikupata jibu kwa wakati. Vivyo hivyo ukiwa kwenye waifai ya hoteli au mkahawa inayokutaka kwanza ukubali masharti kwenye kivinjari. Fungua ukurasa wowote uone kama intaneti inapita. Haipiti? Iache barua pepe yako.

Halafu kuna saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, aghalabu ya aina ya CR2032, inayotunza saa wakati stima imekatika. Betri ikifa, kila stima ikirudi kompyuta inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Vyeti vya usalama vya seva vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta inayoishi miaka ya nyuma vyeti vyote vinaonekana batili, kwa hiyo inakataa kuunganishwa. Angalia tarehe kwenye pembe ya chini kulia ya skrini. Kama imekosea irekebishe, na ununue betri.

Kibodi nayo usiidharau. Malindi si ajabu kukuta kompyuta iliyoachwa na Mwitaliano aliyerudi kwao, au iliyoletwa kama msaada kutoka Ulaya. Kibodi ya Kiitaliano imepanga alama tofauti na ile tuliyoizoea: pale tunapobonyeza Shift na 2 kupata @, yenyewe inatoa alama ya kufungua usemi. Windows ikiwekwa mpangilio mmoja na kibodi ikiwa na maandishi ya mpangilio mwingine, unachobonyeza sicho kinachoandikwa, na nukta nyeusi za kisanduku cha nywila zinakuficha. Fungua Notepad, andika nywila humo uione kwa macho, halafu uifute bila kuihifadhi. Hapo utajua pia kama Caps Lock imewashwa. Na kama nywila ulitumiwa kwa WhatsApp ukainakili, chunga usiwe umebeba na nafasi tupu iliyo mwisho wake. Nafasi hiyo haionekani, lakini seva inaihesabu.

Kabla sijaenda hali ya pili, nina onyo kwa wanaofuata ushauri wa "ifute akaunti uiweke upya". Ushauri huo hufaulu mara nyingi, ndiyo sababu mafundi wanaupenda. Lakini kuna akaunti zilizowekwa kwa mtindo wa POP, ambao huzishusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Kwa akaunti ya namna hiyo, barua za miaka kumi ziko kwenye diski ile peke yake. Thunderbird inapoondoa akaunti inakuuliza kama ifute na barua, na mtu mwenye haraka hubonyeza ndiyo. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, nakili kwenye flashi. Kwa Thunderbird, ingia "Help", kisha "Troubleshooting Information", tafuta mstari wa "Profile Folder", bonyeza "Open Folder", funga programu, unakili folda nzima. Kwa Outlook, tafuta faili zinazoishia kwa .pst, aghalabu ziko ndani ya "Documents" kwenye folda iitwayo "Outlook Files". Fundi anayekataa kukusubiri unakili, mtafute mwingine.

Hali ya pili ni ile ya kivinjari nacho kukukataa. Hapa ndipo penye uchungu wenyewe, kwa sababu mara nyingi chanzo si kompyuta, ni jinsi akaunti ilivyozaliwa.

Akaunti nyingi mtaani zilifunguliwa saibani, kwa haraka, siku mtu alipokuwa anahitaji PIN ya KRA au nafasi ya chuo. Kijana wa saiba akaifungua, akaweka nywila ya jina na 123, na pale palipoulizwa namba ya simu akaweka yake ili msimbo umfikie upesi. Hakuwa na nia mbaya. Miaka sita baadaye Google inataka kuthibitisha kwamba ni wewe, inatuma msimbo kwa namba ya kijana ambaye siku hizi yuko Mombasa au Doha. Au ilikuwa namba yako mwenyewe, ukaacha kuitumia, kampuni ya simu ikaifunga kisha ikampa mteja mwingine. Msimbo wako sasa unaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua.

Kwa vikundi ni vibaya zaidi. Akaunti ya kikundi imefungwa kwa simu ya mwenyekiti wa zamani, na mwenyekiti wa zamani aliondoka kwa ugomvi.

Kama umefika hapo, tumia ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti, g.co/recover, na ufanye hivyo ukiwa kwenye kompyuta na mahali ulipozoea kuitumia akaunti hiyo. Google wenyewe wanashauri hivyo, kwa kuwa kifaa kinachojulikana ni ushahidi kwamba ni wewe. Kwenda Watamu au Kilifi kwa fundi aliyesifiwa kunaweza kukupunguzia nafasi. Na usiache akaunti ilale: tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2.

Kama bado unaingia, leo hii fungua mipangilio ya akaunti uangalie namba ya simu na barua pepe ya akiba ni za nani. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha uombe misimbo ya akiba. Google watakupa 10, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja. Ichapishe. Kwa kikundi, karatasi hiyo ikae na mwekahazina pamoja na cheti cha usajili, na ikabidhiwe mbele ya wanachama uongozi unapobadilika, kama vile mnavyokabidhiana kitabu cha benki. Najua kuna watakaosema ni kutoaminiana. Kitabu cha benki mnakabidhiana vipi basi?

Limebaki jambo moja, nalo ni la wizi. Mtu aliyezoea kuulizwa nywila kila dakika huzoea pia kuiandika popote anapoulizwa, na wezi wanalijua hilo. Barua inayosema sanduku lako limejaa au litafungwa leo, bonyeza hapa uandike nywila, ni ya uongo hata kama ina nembo ya Google. Dirisha la kweli linatokea ukiwa umefungua programu yako, na juu yake husomeka anwani inayoanza na accounts.google.com kwa Google, au login.microsoftonline.com na login.live.com kwa Microsoft. Soma mpaka mwisho wa jina, maana mwizi huweka neno google mwanzoni na kumalizia na jina lake.

Na kama nywila iliyokuwa ikifanya kazi jana imekataliwa leo kwenye kivinjari, na hujaibadilisha wewe, chukulia kwamba mtu ameibadilisha. Ukifanikiwa kurudi ndani, usitosheke na kuweka nywila mpya. Ingia kwenye mipangilio ya Gmail uangalie "Forwarding" na "Filters", au "Rules" kwa Outlook. Mwizi stadi huacha humo amri ya kumpelekea nakala ya kila barua yako, au ya kuzificha barua zenye neno malipo. Kisha anasubiri. Siku mgeni wa Ujerumani anapouliza alipie wapi chumba, anajibiwa na mwizi kwa jina lako, na namba ya akaunti ya benki si yako. Mgeni anafika uwanja wa ndege wa Malindi na risiti mkononi, nawe hujaona senti.

Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ripoti polisi, na pia kwa KE-CIRT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kabla ya kwenda, piga picha za skrini zinazoonyesha ile amri ya siri na barua alizojibu mwizi. Ukishazifuta kwa hasira, utafika kituoni mikono mitupu.